Tikisa Kabla ya Kutumia: Dawa, Maji na Mafuta

  

Leo nataka kila darasa liwe na vitu hivi mezani: bilauri tatu, maji safi ya kunywa, chumvi, unga wa mahindi, mafuta ya kupikia, kipande cha sabuni na vijiko vitatu. Mwalimu, kama vitu hivi haviko tayari, mtume mtu mmoja avilete wakati mimi ninaendelea kuzungumza.

Siku moja nilitembelea darasa la jioni. Wanafunzi walikuwa wakijifunza kusoma maneno mafupi ubaoni. Somo lilipokwisha, bibi mmoja akatoa katika kikapu chake chupa ya dawa ya mjukuu wake. Akaniuliza, "Mwanangu, hapa pameandikwa nini?"

Nikamsomea: "Tikisa chupa vizuri kabla ya kutumia."

Bibi akanyamaza. Kisha akasema, "Basi mimi sikutikisa. Nilidhani yale mazito ya chini ni mashapo, kama mashapo ya kahawa. Siku tatu nampa mtoto yale maji ya juu, tena kwa uangalifu, nisije nikayatibua."

Mtoto alikuwa na kichomi, na homa ilikuwa haijashuka. Kesho yake asubuhi bibi alimrudisha zahanati. Mganga akampima tena, akambadilishia dawa, na kwa bahati njema mtoto akapona. Lakini siku tatu zile zilikuwa siku za hatari kubwa.

Ndugu zangu, bibi yule hakuwa mjinga. Alifikiri kama anavyofikiri kila mtu anayekunywa kahawa: kinachofaa kiko juu, na kisichofaa kimezama. Kosa ni kwamba chupa ile haikuwa kama kikombe cha kahawa. Katika chupa ile dawa yenyewe ndiyo iliyokuwa chini. Leo tutajifunza sababu yake. Tukiijua sababu, hatutasahau tena amri iliyoandikwa kwenye chupa.

BILAURI TATU

Haya, tufanye jaribio. Tieni maji katika bilauri zote tatu, yafike nusu. Katika bilauri ya kwanza tieni kijiko kimoja cha chumvi. Katika ya pili, kijiko cha unga. Katika ya tatu, kijiko cha mafuta. Korogeni kila moja kwa kijiko chake, kisha ziacheni zitulie.

Tazameni bilauri ya kwanza. Chumvi haionekani. Je, imekwisha? La, haikwisha. Onjeni maji ya juu, kisha chovyeni kijiko mpaka chini muonje tena. Ni chumvi sawasawa juu na chini. Maji yameivunja chumvi kuwa chembe ndogo mno, ndogo kiasi kwamba hakuna jicho liwezalo kuziona, na chembe hizo zimetapakaa kila mahali. Jambo hili twaliita kuyeyuka. Si kuyeyuka kwa joto kama barafu juani. Ni kuyeyuka ndani ya maji.

Sasa tazameni bilauri ya pili. Mlipokoroga, maji yote yalikuwa meupe. Sasa unga unashuka, na juu kunaanza kuwa na maji matupu. Unga haukuyeyuka. Ulielea kwa muda tu.

Katika bilauri ya tatu, mafuta yamepanda juu na kukaa peke yake. Hata mkoroge mpaka kesho, hayatakubaliana na maji.

Kwa nini iwe hivyo? Chembe moja ya maji ni kama betri ndogo mno ya tochi. Upande mmoja una umeme kidogo wa chanya, na upande wa pili una umeme kidogo wa hasi. Chumvi nayo imejengwa kwa chembe za chanya na za hasi. Basi maji huzishika chembe za chumvi na kuzivuta moja moja, mpaka zote zimeachana. Chembe za mafuta hazina pande hizo za umeme, na maji hayapati mahali pa kuzishika. Unga nao chembe zake zimefungamana kwa nguvu, wala maji baridi hayawezi kuzifungua.

Dawa nazo ni za namna hizo. Ziko zinazoyeyuka kwa urahisi kama chumvi. Ziko zinazoyeyuka kidogo tu, na nyingine yote huelea kama unga. Na ziko zinazokaa upande wa mafuta. Mtengeneza dawa hana budi kujua kwanza dawa yake ni ya namna gani, ndipo aamue iwe kidonge, au maji, au unga.

HESABU YA CHUPA YA BIBI

Dawa aliyopewa bibi inaitwa amoksilini. Ni dawa ya kuua vijidudu vya magonjwa kama kichomi. Chupa ilikuwa ya mililita 100, na karatasi yake ilisema: katika kila mililita 5, yaani kijiko kimoja cha kipimo, mna miligramu 125 za dawa. Chukueni kalamu.

Chupa ina vijiko vingapi? Gawanyeni 100 kwa 5. Ni vijiko 20. Dawa yote katika chupa ni 20 mara 125, yaani miligramu 2,500.

Sasa, kijiko kimoja cha maji kinaweza kuyeyusha amoksilini kiasi gani? Haifiki hata miligramu 20. Zile nyingine zaidi ya 100 zinaelea tu, na chupa ikitulia zinazama. Kwa hiyo anayechota maji matupu ya juu hampi mtoto miligramu 125. Anampa chini ya 20. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya tano ya dozi.

Bibi alitoa kijiko kimoja mara tatu kwa siku, kwa siku tatu. Ni vijiko 9. Tuseme kila kijiko kilikuwa na miligramu 20. Mtoto alipata 180. Alistahili kupata 9 mara 125, yaani 1,125. Katika chupa zimebaki 2,320, nazo zimo katika vijiko 11. Mtu akija kuitikisa sasa, kila kijiko kitakuwa na miligramu 210 au zaidi. Mwanzo mtoto alipewa dawa kidogo mno, na mwisho angepewa nyingi kupita kiasi. Chupa ni ile ile, kijiko ni kile kile, na bibi hakukosea hata saa moja. Amekosa neno moja tu: TIKISA.

KWA NINI DAWA HUSAGWA LAINI

Watengeneza dawa wanajua kwamba unga utazama. Hawawezi kuuzuia kabisa, lakini wanaweza kuuchelewesha. Mwaka 1851 mtaalamu mmoja, George Gabriel Stokes, alieleza kanuni ya vitu vinavyozama majini. Chembe ikipunguzwa upana wake kuwa nusu, mwendo wake wa kuzama hupungua mara nne. Tena, kioevu kikiwa kizito, chembe huzama polepole zaidi. Ndiyo sababu dawa husagwa laini sana, na maji yake hutiwa kitu cha kuyafanya mazito. Gundi ya migunga, ile inayovunwa sana Sudan, imetumika kwa kazi hiyo tangu zamani.

Kusaga kuna faida ya pili. Chukueni sukari guru kipande kimoja, na nyingine iliyotwangwa, mzitie majini. Iliyotwangwa itayeyuka kwanza. Mwaka 1897 wataalamu wawili wa Marekani, Arthur Noyes na Willis Whitney, walieleza kwamba kitu huyeyuka upesi kwa kadiri uso wake unaoguswa na maji ulivyo mkubwa. Fikirini kipande cha mraba chenye sentimita 1 kila upande. Kina nyuso 6, na jumla yake ni sentimita 6 za mraba. Kikateni kuwa vipande vya milimita 1. Mtapata vipande 1,000, na jumla ya nyuso zake ni sentimita 60 za mraba. Sukari haikuongezeka, lakini maji yamepata mahali mara kumi zaidi pa kuishika.

Hapa nataka niwaonye. Msiseme, "Basi nitasaga kila kidonge ili kifanye kazi upesi." Vidonge vingine vimevikwa ganda ili visiyeyuke tumboni, vikayeyukie mbele katika utumbo mwembamba. Vingine vimetengenezwa viachie dawa kidogo kidogo mchana kutwa. Ukikisaga kidonge cha namna hiyo, dawa ya siku nzima itatoka kwa mara moja. Usisage kidonge kabla ya kumwuliza mganga.

Viko pia vidonge vya watoto vinavyotiwa katika kijiko cha maji. Watu husema vinayeyuka. Kwa kweli vingi vinabomoka tu, na unga wake unaelea. Mtoto akisha kunywa, tazama kijiko au kikombe. Ukiona mabaki, tia maji kidogo, suuza, umpe na hayo. Mabaki yale ni dawa.

UNGA UNAOSUBIRI MAJI

Huenda mmepata kupewa chupa yenye unga mkavu, mkaambiwa mtie maji wenyewe. Kwa nini kiwandani wasitie maji kabisa? Ni kwa sababu maji, yaliyo rafiki wa dawa wakati wa kuinywa, ni adui yake wakati wa kuihifadhi. Chembe ya amoksilini ina kipingili kimoja chembamba, na kipingili hicho ndicho kinachopigana na vijidudu. Maji hukivunja kidogo kidogo. Kikivunjika, dawa haifanyi kazi tena, ijapokuwa rangi na utamu wake ni ule ule. Katika hali kavu hukaa salama muda mrefu. Ikisha kutiwa maji, siku zake zinahesabika. Karatasi itasema ni 7 au 14, na baada ya hapo hutupwa.

Joto huharakisha uharibifu huo. Kwa makadirio, joto likipanda nyuzi 10, uharibifu wa namna hii huenda mara mbili upesi, na pengine zaidi. Kwa hiyo usitumie maji ya moto. Chemsha maji, yaache yapoe kabisa. Gonga chupa ili unga ulegee. Tia maji kiasi cha nusu, tikisa. Povu likitulia, ongeza maji mpaka kwenye alama, utikise tena. Usipite alama, wala usiache pengo. Maji yakizidi, kila kijiko kitakuwa chepesi. Yakipungua, kila kijiko kitakuwa kikali. Andika kwenye chupa tarehe uliyotia maji. Ninyi sasa mnajua kuandika. Kisha iweke mahali pa baridi kama karatasi inavyosema, mbali na jua na mbali na jiko.

DAWA INAYOPENDA MAFUTA

Rudini sasa kwenye bilauri ya tatu. Chovyeni sabuni humo, mkoroge kwa nguvu. Mmeona? Mafuta yamevunjika kuwa matone madogo, na maji yote yamekuwa meupe kama maziwa. Sabuni ina mkono mmoja unaoshika mafuta na mkono wa pili unaoshika maji. Bilauri hiyo sasa si ya kunywa, mwageni.

Katika miili yetu kazi hiyo hufanywa na nyongo. Mtu akila chakula chenye mafuta, nyongo humiminika katika utumbo, ikayavunja mafuta kuwa matone madogo mno, nayo hupita kwenye kuta za utumbo na kuingia mwilini.

Sasa fikirini dawa ya mseto ya malaria, ile yenye artemeta na lumefantrini, inayotolewa dozi 6 kwa siku 3. Lumefantrini ni ya upande wa mafuta. Ikimezwa kwa maji matupu na tumbo likiwa tupu, sehemu kubwa hupita tu na kutoka. Ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta, hupanda ndani ya yale matone na kuingia mwilini mara nyingi zaidi. Kwa hiyo mganga akisema, "Meza pamoja na chakula au maziwa," hakuambii hivyo ili usisikie kichefuchefu tu. Anataka dawa ipate chombo cha kuivusha. Mgonjwa wa malaria hana hamu ya kula, tunajua. Basi mpe hata kikombe cha maziwa, au uji uliotiwa maziwa au karanga.

KOSA LA MWAKA 1937

Mtu mwenye akili sasa ataniuliza: "Kama taabu yote ni dawa kukataa kuyeyuka katika maji, kwa nini wasitafute kioevu kingine cha kuiyeyusha yote?" Swali hilo ni zuri. Lakini liliwahi kujibiwa kwa haraka, na watu wakafa.

Mwaka 1937 kulikuwa na dawa iliyosifiwa sana, jina lake salfanilamidi. Ilitolewa kwa vidonge na kwa unga. Watu wa kusini mwa Marekani walitaka ya kunywa, na kampuni moja katika jimbo la Tennessee ikaamua kuitengeneza. Mkemia wa kampuni alitafuta kioevu cha kuiyeyusha, akakipata. Kinaitwa dayethilini glaikoli. Dawa iliyeyuka vizuri, haikuacha hata chembe. Wakaipima rangi, harufu na utamu. Utamu wake ulikuwa wa matunda, na watoto waliipenda. Hawakupima kama kioevu chenyewe ni salama, wala sheria ya wakati ule haikuwataka wapime.

Dayethilini glaikoli ni sumu ya mafigo. Watu zaidi ya 100 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Maafisa wa serikali wakatawanyika nchini kuzitafuta chupa zilizobaki. Mahakamani kampuni ilitozwa faini kwa kosa la jina lililoandikwa kwenye chupa, kwa maana jina hilo lilidai kwamba mna alkoholi ndani, na alkoholi haikuwamo. Sheria haikuwa na kosa jingine la kuwashtakia. Mwaka uliofuata, 1938, Marekani ikapata sheria mpya: hakuna dawa mpya itakayouzwa kabla haijathibitishwa kuwa ni salama.

Msidhani hayo yalikwisha zamani. Mwezi wa Oktoba mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya dawa nne za maji za watoto zilizokutwa Gambia. Zilikuwa na sumu hiyo na nyingine ya ukoo wake. Vifo vya watoto 66 vilihusishwa nazo.

Funzo ni hili. Dawa ya maji iliyo angavu na tamu si lazima iwe bora kuliko ile yenye unga chini. Macho na ulimi havitoshi kuipima. Nunua dawa mahali palipoandikishwa, yenye kizibo kisichofunguliwa, yenye jina la kiwanda, namba ya toleo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Na kama umetikisa chupa vizuri, lakini unga umegandamana chini kama udongo na hautoki, usiitumie. Irudishe ulikoinunua, ukaeleze.

MANENO YA KUKUMBUKA

Someni kwa sauti, wote pamoja:

Tikisa kabla ya kutumia: kwa sababu dawa imezama.
Tia maji mpaka kwenye alama: kwa sababu kila kijiko kiwe sawa na kingine.
Tumia ndani ya siku zilizoandikwa: kwa sababu maji huvunja dawa.
Meza pamoja na chakula: kwa sababu dawa hii hupanda katika mafuta.
Usisage: kwa sababu kidonge hiki kimepimiwa mahali pake na wakati wake.

MASWALI YA DARASA

1. Kwa nini bibi alidhani anafanya vema? Mngemweleza vipi bila kumtahayarisha?
2. Chupa ina mililita 60. Kijiko ni mililita 5. Je, mna vijiko vingapi? Mtoto akinywa mara tatu kwa siku, chupa itakwisha baada ya siku ngapi?
3. Kesho kila mmoja alete pakiti au chupa moja ya dawa kutoka nyumbani. Tafuteni juu yake amri moja, muisome, kisha mseme sababu yake.

Kabla hatujaagana, nawaambieni habari ya yule bibi. Wiki iliyofuata aliomba neno moja liandikwe ubaoni, apate kulinakili. Lina herufi sita tu. Alilinakili mara nyingi mpaka ukurasa wa daftari ukajaa. Sasa jirani akipewa dawa ya mtoto, huipeleka kwanza kwake, naye huigeuza chupa na kulitafuta neno lile kwa kidole. Akilipata, huitikisa mwenyewe mbele ya mama mtoto.

Kwaherini, ndugu wanafunzi, mpaka somo lijalo.